Karabini Iliyobadilika na Majira: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Lubumbashi

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu karabini moja ya kuwindia, yenye komeo la kuvutwa kwa mkono, mali ya mkulima mzee ambaye shamba lake la mahindi liko upande wa barabara ya Kasenga, kaskazini-mashariki mwa Lubumbashi. Karabini hiyo ina mtambo wa Mauser 98, yaani sehemu ya chuma inayobeba komeo, mtutu wa kipimo cha 9.3x62 (milimita, upana wa risasi na urefu wa ganda lake), mbao ya mjozi iliyopakwa mafuta kwa nje, na luneti, yaani darubini ya kulengea, ya kukuza mara 4. Vibali vya kuimiliki na vya kuwindia vimo mkononi mwa mwenyewe, jambo ambalo halina budi kutajwa mapema, kwa kuwa uwindaji nchini Kongo bado unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982.

Mwezi wa Agosti, katikati ya kiangazi, karabini hii ilikuwa imerekebishwa shabaha kwa mita 100, na matundu matatu ya risasi yaliweza kufunikwa na duara la sentimita 4. Januari, mvua zikiwa zimekolea na nguruwe pori wakiingia shambani usiku na alfajiri, mzee alimlenga dume mmoja aliyesimama ubavu, kichwa kikielekea kulia, umbali wa mita 70 hivi. Alilenga nyuma ya bega. Risasi ikapita tumboni. Mnyama alifuatiliwa kwa damu tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa linatua, na ndipo alipomalizwa. Kwa mwindaji mwenye staha siku kama hiyo si ya kusimuliwa kwa fahari, na mzee huyu hakuisimulia hivyo. Alirudi akilenga karatasi, akakuta matundu yamehamia kushoto kwa takriban sentimita 13 na tena yametawanyika, akazungusha vitufe vya luneti kuyarudisha katikati, akapiga risasi moja iliyoingia karibu na alama, akaridhika. Wiki iliyofuata matundu yalikuwa yameondoka tena.

Hapo ndipo mfanyabiashara mmoja wa mjini alipomwambia kwamba luneti yake imekufa na kwamba anayo nyingine nzuri ya kumuuzia. Mzee akaenda kwa fundi wake akiwa ameshafanya uamuzi.

“Mwanangu, niondolee luneti hii, uniwekee nyingine.”

“Papa, tuiache kwanza mahali pake,” fundi akajibu. “Tukiitoa leo, hatutajua kamwe kama ndiyo yenye kosa.”

Jibu hilo ndilo lililookoa fedha za mzee, na ndilo linalofanya kisa hiki kistahili kuandikwa. Bunduki inapoacha kupiga mahali ilipokuwa ikipiga, sababu zinazowezekana ni nyingi, na mtu anayebadilisha vitu vitatu kwa mara moja hata akifaulu hajui ni kipi kilichomponya. Fundi alitaka kila sababu ichunguzwe peke yake, kuanzia ile isiyogharimu kitu.

Kabla ya yote alitenganisha matatizo mawili ambayo mzee alikuwa ameyachanganya. Matundu yaliyokusanyika mahali pasipotakiwa ni jambo moja. Matundu yaliyotawanyika ni jambo lingine kabisa. La kwanza huweza kurekebishwa kwa vitufe vya luneti, ambavyo katika luneti nyingi za Ulaya husogeza shabaha sentimita 1 kwa mita 100 kila vinapolia mara moja. La pili halirekebishwi na vitufe hata mtu avizungushe usiku kucha, kwa sababu hakuna katikati ya kweli ya kurudisha. Karabini ya Agosti ilikuwa na kundi la sentimita 4, ambalo ni kama dakika moja na theluthi ya pembe, ikiwa dakika moja ya pembe ni sentimita 2.9 kwa mita 100. Kwa bunduki ya kuwindia nguruwe na swala wa miombo hiyo inatosha na kubaki. Karabini ya Januari ilikuwa na kundi la sentimita 12. Kuzungusha vitufe juu ya kundi la upana huo ni kubahatisha, na ile risasi moja iliyoingia karibu na alama ilikuwa bahati tupu.

Hapa inafaa kusema neno juu ya makundi ya risasi tatu, maana ndiyo yanayowadanganya wengi, mzee akiwemo. Hata bunduki isiyobadilika, yenye mtawanyiko wake wa asili, hutoa makundi ya risasi tatu yanayopishana sana kwa upana. Na kwa hesabu ya kawaida ya mtawanyiko, kundi la risasi kumi kutoka bunduki hiyo hiyo huwa pana takriban mara 1.6 kuliko kundi la risasi tatu. Kwa hiyo sentimita 4 za Agosti, zilizopatikana kwa kundi moja, hazikuwa ahadi ya sentimita 4 kila siku. Hata hivyo tofauti kati ya 4 na 12 ni kubwa mno kuelezwa kwa bahati, na kuhama kwa katikati ya kundi kwa sentimita 13 hakuelezwi kwa bahati hata kidogo.

Majaribio yalifanywa shambani kwa mzee, karatasi ikiwa imewekwa mbele ya kichuguu kikubwa, kwa kuwa vichuguu vya Katanga, vyenye urefu wa mita kadhaa na udongo ulioshikana kama saruji, ni ukuta wa kuzuia risasi ambao mtu hahitaji kuujenga. Mahali pasipo na kichuguu wala kilima nyuma ya karatasi hapafai kulengea, kwani risasi ya 9.3x62 yenye uzito wa gramu 18.5 hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 720 kwa sekunde na huweza kuua mbali sana kupita macho yanapofika.

Jambo la kwanza kupatikana lilikuwa dogo na la aibu kidogo: ndani ya mkoba wa mzee mlikuwa na risasi za aina mbili zilizochanganyika, zile za gramu 18.5 alizorekebishia shabaha Agosti, na nyingine za gramu 16.2 alizopata baadaye. Mtutu hutikisika risasi inapopita ndani yake, na risasi yenye uzito na kasi tofauti hutoka mdomoni wakati mtutu uko katika hatua nyingine ya mtikisiko huo, kwa hiyo si ajabu zikagonga mahali tofauti juu na chini, na mara nyingine pia kulia na kushoto. Zilipotenganishwa, kundi la sentimita 12 likashuka hadi kama 9. Mzee alikuwa tayari kurudi nyumbani. Lakini 9 si 4, na lile la kuhamia kushoto lilibaki kama lilivyokuwa.

Luneti ilichunguzwa bila kufyatua hata risasi moja, na namna ilivyofanywa inastahili kujulikana zaidi, hasa katika mji ambamo risasi ni ghali na kupatikana kwake ni kazi. Ubora mmoja wa bunduki ya komeo ni kwamba komeo huchomoka lote kwa nyuma, na mtu akaweza kuchungulia ndani ya mtutu kutoka chemba, yaani chumba cha risasi, hadi mdomoni. Fundi aliifunga karabini kwenye meza kwa mifuko ya mchanga, akachomoa komeo, akaelekeza tundu la mtutu kwenye alama kubwa iliyochorwa ukutani pamoja na mistari ya vipimo, kisha akazungusha vitufe vya luneti milio 20 kulia, 20 juu, 20 kushoto na 20 chini, huku mtutu ukibaki umeelekea alama ile ile. Msalaba wa luneti ulichora mraba safi ukarudi mahali pake. Akaigonga luneti kwa kiganja, akaangalia tena; haikusogea. Skrubu za pete za luneti na za vikalio vyake zilikuwa zimekazwa ipasavyo. Jaribio hili halitoi hukumu ya mwisho, kwa kuwa luneti nyingine hushindwa tu inapopigwa na teke lenyewe la bunduki, yaani msukumo wake wa kurudi nyuma, lakini liliondoa shaka kiasi cha kutosha kumfanya mfanyabiashara wa mjini asubiri.

Kisha ikaja zamu ya mpigaji. Teke la 9.3x62 katika karabini ya kilo tatu na nusu si la mchezo, na mtu mwenye umri mkubwa aliyepiga risasi nyingi siku moja hujifunza bila kujua kufumba jicho na kusukuma bega mbele kabla ya mlio. Njia ya kulitambua hilo ni ya zamani na haina mbadala: msaidizi anapakia magazini akichanganya risasi halisi na risasi bandia zisizo na baruti, mpigaji asijue ipi inayofuata. Mzee alipofyatua juu ya risasi bandia, mdomo wa mtutu ulishuka waziwazi. Mwanawe, ambaye mkono wake ulikuwa mtulivu juu ya risasi bandia hizo hizo, alipiga kundi la sentimita 7, katikati yake ikiwa mahali pale pale pa kushoto. Maana yake ni kwamba mkono wa mzee uliongeza mtawanyiko, ila haukuwa ndio ulioihamisha shabaha. Watu wawili wasiofanana kwa umri wala mwili hawawezi kukosea kwa upande mmoja na kwa kipimo kimoja.

Katika kundi la kijana huyo kulikuwa na mpangilio ambao fundi aliuona kabla ya wengine. Matundu hayakutawanyika ovyo: la kwanza, mtutu ukiwa baridi, lilikuwa karibu zaidi na alama, la pili likawa kushoto yake na juu kidogo, la tatu kushoto zaidi. Matundu yanayotembea kwa mstari kadiri mtutu unavyopata joto husema karibu kwa sauti kwamba mtutu unagusa kitu. Mtutu mwembamba wa kuwindia, ukipanuka kwa joto huku umeegemea mbao upande mmoja, hupindishwa kuelekea upande usio na kizuizi, na kila risasi hukuta mtutu umeelekea pengine.

Uthibitisho ulitoka kwenye noti ya faranga 500. Fundi aliiingiza kati ya mtutu na mbao kwenye ncha ya mbele, akaivuta taratibu kuelekea chemba, na kama shubiri moja kutoka ncha noti ikakwama upande wa kulia, ilhali kushoto ilipita bila kusuguana. Mbao ilikuwa imevimba na kuubana mtutu kutoka kulia, nao ukawa unasukumwa kushoto. Skrubu ya mbele ya mtambo ilipolegezwa, kidole kikiwa pale mtutu na mbao vinapokutana, vyote viwili viliruka kuachana, ishara kwamba karabini nzima ilikuwa imefungwa ikiwa katika mkazo.

Kila mwenye nyumba Lubumbashi anaujua mlango wa mbao unaokwama Januari na kucheza kwenye fremu yake Agosti, na mbao ya karabini haina tofauti yoyote na mlango huo. Mji uko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwaka wake umegawanyika katika nusu ya mvua, kuanzia takriban Novemba hadi Machi au Aprili, na nusu ya ukavu mkali ambamo usiku wa Juni na Julai huwa na baridi ya kutafutia blanketi. Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kuvimba kwa upana wake zaidi sana kuliko kwa urefu wake, kisha hutoa unyevu huo na kusinyaa. Mbao hii ya mjozi ilikuwa imepakwa mafuta vizuri kwa nje, mahali macho yanapoona, lakini ndani ya mfereji wa mtutu na chini ya bamba la kitako palikuwa pakavu kama palivyotoka kiwandani, na unyevu uliingia kupitia huko. Kuhifadhiwa kwa karabini ndani ya mkoba wa turubai, katika chumba kisicho na hewa, miezi yote ya mvua, kulizidisha tatizo.

Inabidi kuwatendea haki waliotengeneza karabini za namna hii. Mtutu kugusa mbao karibu na ncha halikuwa kosa la kiwanda. Katika karabini nyingi za nusu ya kwanza ya karne ya 20, za Ulaya na za Marekani, mafundi waliacha kwa makusudi sehemu ndogo ya mbao ikiusukuma mtutu mwembamba kwenda juu kwa nguvu ndogo, ili kutuliza mtikisiko wake, na katika hali ya hewa isiyobadilika mpango huo hufanya kazi vizuri. Mtambo wenyewe wa Mauser, uliokubaliwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898, ulikusudiwa kudumu katika mazingira yoyote, na risasi ya 9.3x62 iliyobuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 ilitengenezwa ikiwafikiria hasa wawindaji na walowezi wa Afrika waliohitaji bunduki ya bei nafuu yenye nguvu. Chuma kilifikiriwa kwa ajili ya Afrika. Mbao ilibaki ya Ulaya. Kwa maoni yangu, katika nchi yenye majira mawili yanayopingana kama Katanga, sehemu ya mbao inayosukuma mtutu haifai, hata kama Agosti inatoa makundi mazuri, kwa sababu mwindaji anakuwa na karabini mbili ndani ya moja, na moja kati yake haijarekebishwa shabaha.

Tiba ilichukua subira zaidi ya ufundi. Fundi alikwangua mfereji wa mtutu kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, hadi noti iliyokunjwa mara mbili ikapita kutoka ncha hadi karibu na chemba bila kukwama, akiacha nafasi ya kutosha ili uvimbe wa mvua zijazo usiufikie mtutu. Akajaza gundi ngumu ya epoksi chini ya mtambo na nyuma ya lile jino la chini linalopokea teke, baada ya kupaka chuma nta ili kisishikane na gundi, kwa maana jino hilo likikaa juu ya mbao laini iliyolowa, mtambo husogea kidogo kila unapopigwa. Gundi ilipokauka, akapaka vanishi nyepesi ndani ya mfereji, chini ya bamba la kitako na katika matundu ya skrubu, akirudia hadi mbao ikaacha kuinywa. Mwisho akakaza skrubu mbili za mtambo kwa ufunguo wenye kipimo, nyutonimita 4 hadi 5, ya mbele kwanza kisha ya nyuma. Kipimo hicho ni cha mbao isiyo na mirija ya chuma ndani yake; mwenye kutumia nguvu za mkono tu hukaza kupita kiasi Januari mbao ikiwa imevimba, na ikifika Agosti skrubu zake zimelegea na yeye hana habari.

Zilirekebishwa pia tabia mbili za kushika. Mzee alizoea kuegemeza mtutu wenyewe juu ya tawi au ukingo wa gari, na huko ni kuurudishia mtutu msukumo ule ule uliokwanguliwa. Sasa anaegemeza mbao, na chini yake anaweka kofia au koti, kwa sababu mbao juu ya kitu kigumu huruka. Alizoea vilevile kudondosha risasi moja moja ndani ya chemba na kuifungia komeo kwa nguvu. Kucha pana ya Mauser 98, ile ndoano ya komeo inayovuta ganda kutoka chembani, imekusudiwa kushika ukingo wa risasi inapopanda kutoka magazini, na kuilazimisha iruke juu ya risasi iliyokwisha kuingia chembani ni kuichosha hadi siku itakapovunjika mbele ya mnyama aliyejeruhiwa. Risasi zote zipitie magazini, na komeo livutwe hadi mwisho kwa nguvu moja, bila kusita katikati, kwa kuwa wengi wanaobaki na chemba tupu hulivuta nusu. Mtu anapotaka kuzitoa, usalama wa nyuma ya komeo uwekwe katika nafasi ya kati, ambayo huizuia pini inayopiga risasi na bado huruhusu komeo kufunguka, mdomo wa mtutu ukielekea udongoni, na chemba iguswe kwa kidole baada ya kuangaliwa kwa macho.

Majaribio yaliyofuata yalifanywa mvua zikiwa bado zinanyesha, kwa risasi za gramu 18.5 peke yake, mtutu ukiachwa upoe baada ya kila risasi tatu, na risasi ya kwanza kutoka mtutu uliotoka kusafishwa kwa mafuta ikiwa haihesabiwi, kwani mara nyingi huenda kwingine. Kwa mkono wa kijana makundi yalikuwa kati ya sentimita 4 na 5, na hayakutembea tena. Shabaha ikarekebishwa kwa mita 100. Mzee alikumbushwa kwamba kwa marekebisho hayo risasi yake hushuka zaidi ya sentimita 20 inapofika mita 200, na kwamba katika miombo, ambako nafasi ya kuona mbali ni chache, hana sababu ya kupiga umbali huo.

Jaribio lililokuwa na uzito zaidi lilisubiri Agosti. Karabini ile ile, risasi za sanduku lile lile, luneti haikuguswa: katikati ya kundi ilikuwa imehama chini ya sentimita 2, kiasi ambacho hakitofautishwi na mtawanyiko wa kawaida. Skrubu ya nyuma ilikuwa imelegea kidogo sana ikakazwa. Mzee bado anashtuka kabla ya mlio, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo, na kila jioni anafyatua juu ya risasi bandia akiangalia kama msalaba unabaki kwenye alama. Zile za gramu 16.2 zimewekwa kando hadi zitakapojaribiwa peke yake.